Mnara wa Taa: Maswali Ninayoulizwa Nairobi Kuhusu Taa za Baharini

Nilizaliwa Likoni, nikalelewa nikiisikia honi ya feri usiku na mchana. Sasa ni miaka mingi nakaa South B, Nairobi, karibu kilomita 480 kwa barabara kutoka baharini. Mara moja kwa mwezi nawakusanya watoto wa mtaani pamoja na wazazi wao, tunazungumza habari za maji, samaki na meli. Swali la mnara wa taa halikosi. Nimeandika hapa maswali yanayorudi kila mara, na majibu yake, kwa mfuatano ule ule yanavyozuka ukumbini.

Mnara wa taa huimulikia meli njia, kama taa za gari?

Hapana, na naomba tuanze hapa, maana kosa hili likibaki mengine yote yanapinda. Taa za gari hutupa mwanga kwenye lami ili dereva alione shimo. Taa ya mnara haimuliki kitu. Mwamba uliofunikwa na maji ya mita 2 hauonekani usiku hata ukiuletea taa zote za uwanja wa Kasarani. Taa ya mnara imewekwa ili ionekane yenyewe. Inamwambia nahodha: mimi ni fulani, niko hapa. Mengine yote, mwamba uko wapi, fungu la mchanga linaanzia wapi, maji yana kina gani, yamo kwenye ramani ya bahari iliyo mezani pake. Nahodha hupima kwa dira mwelekeo wa taa ya kwanza, akachora mstari kwenye ramani. Akapima taa ya pili, akachora mstari mwingine. Mistari inapokatana ndipo alipo.

Wakazi wa Nairobi wanalijua jambo hili tayari. Ukirudi usiku kwa Barabara ya Mombasa, kabla hujaingia mjini unaziona kwa mbali taa nyekundu juu ya majengo marefu ya Upper Hill. Hazikumulikii barabara. Lakini umeshajua mji uko upande gani, na moyo umetulia.

Pwani ina taa nyingi. Baharia anajuaje kuwa hii ndiyo ile anayoitafuta?

Kwa kuhesabu. Kila taa ina mwendo wake wa kuwaka na kuzima, na taa jirani hazipewi mwendo mmoja. Kuna taa tulivu isiyozima. Kuna ya kumweka, ambayo giza lake ni refu kuliko mwanga. Kuna iliyo kinyume, inayowaka muda mrefu kisha ikafumba kidogo, kama jicho linalopepesa. Kuna ambayo mwanga na giza vinalingana. Na kuna zinazomweka kwa mafungu: mara mbili kisha giza refu, au mara tatu kisha giza refu. Muda tangu mwanzo wa fungu moja hadi mwanzo wa fungu linalofuata ndio saini ya taa hiyo.

Kwenye ramani ya bahari saini huandikwa kwa mkato. Ukikuta "Fl(2) 10s 20m 15M" pembeni mwa alama ya taa, soma hivi: inamweka mara 2 katika kila sekunde 10, iko mita 20 juu ya bahari, na nguvu ya mwanga wake inafika maili 15 za baharini hewa ikiwa safi. Maili ya baharini ni mita 1,852, ndefu kuliko ile ya nchi kavu. Angalia pia herufi: m ndogo ni mita, M kubwa ni maili.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa ngalawa na hakuwa na saa. Alihesabu taa kwa kusoma dua fupi kwa mwendo ule ule aliouzoea, na alijua ni kwenye neno lipi taa itarudi. Ikirudi kwenye neno jingine, alijua anatazama taa nyingine, au jicho lake limeshika taa ya meli inayopita. Nilijifunza kwake kuhesabu taa kabla sijajua kusoma saa. Watoto wa South B nawafundisha kwa tochi: mmoja anasimama mwisho wa ukumbi, anaifunika kwa kiganja na kuifunua, wenzake wanahesabu kwa kupiga makofi polepole. Baada ya nusu saa wanatofautisha tochi tatu bila kukosea.

Mnara wa taa wa kwanza ulijengwa wapi?

Moto wa kuwashwa kilimani ni wa tangu zamani sana, lakini mnara mkubwa wa kwanza ambao habari zake zimetufikia ni wa Iskanderia, Misri. Ulijengwa kwenye kisiwa cha Pharos na kukamilika karibu mwaka 280 kabla ya Kristo, wakati wa Mfalme Ptolemaio wa Pili. Ulipita mita 100 kwenda juu. Jengo la KICC la hapa Nairobi lina mita 105. Basi fikiria jengo la kimo hicho likisimamishwa kwa mawe matupu miaka 2,300 iliyopita, na moto juu yake.

Mitetemeko ya ardhi ndiyo iliyoumaliza, kidogo kidogo kwa karne nyingi, na ule wa 1303 ulikuwa mkubwa. Ibn Battuta alipopita Iskanderia mwaka 1326 aliukuta upande mmoja umebomoka. Aliporudi 1349 ulikuwa gofu, hakuweza hata kuufikia mlango. Na katikati ya safari hizo mbili, mwaka 1331, alifika kwetu: alilala usiku mmoja Mombasa, akaandika kwamba chakula cha watu wake ni ndizi na samaki, kisha akaendelea Kilwa. Nikifika hapa huwa nanyamaza kidogo. Macho yaliyouona mnara ule ndiyo yaliyoiona Mombasa ya mababu zetu. Baadhi ya mawe ya mnara ule yalijengewa ngome ya Qaitbay, papo hapo Iskanderia, miaka ya 1470, na ngome ipo hadi leo.

Wahispania huuita mnara wa taa faro, na Wafaransa phare, kutokana na jina la kisiwa kile. Sisi tulichukua Kiarabu, manara, maana yake mahali pa mwanga. Kwa hiyo neno tunalolitumia kwa mnara wa msikiti, mnara wa saa na hata mnara wa simu, asili yake ni taa. Mtoto mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, basi ule mnara wa simu wa pale jirani ni mnara wa taa usiowaka." Nikamwambia hajakosea.

Ukitaka mnara wa kale ambao bado unafanya kazi, uko A Coruña, Uhispania. Ulijengwa na Warumi na unaitwa Mnara wa Hercules.

Kabla ya taa hizi, mabaharia wa Uswahilini walifanyaje usiku?

Walingoja asubuhi. Jahazi lililokaribia nchi usiku lilikaa mbali na mwamba, au lilitia nanga palipo salama mpaka kupambazuke. Safari yenyewe ilipangwa kwa misimu: upepo wa kaskazi ulilileta jahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, upepo wa kusi ukalirudisha. Hapakuwa na haraka ya saa mbili. Walisoma nyota, walipima kina kwa bildi, kamba yenye risasi mwishoni, na mchana waliijua kila rasi kwa umbo lake, kwa minazi yake, kwa msikiti uliojengwa juu yake. Na palipo pagumu walimtegemea rubani, mtu wa mahali hapo. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, huko ndiko alikopata rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi.

Meli za moshi ndizo zilizobadilisha mambo. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na meli hizi hazikungoja upepo wala mapambazuko. Kila saa ya kungoja ilikuwa makaa yanayoungua bure. Ramani zilikuwapo tayari, kwa sababu Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza na meli zake Leven na Barracouta walikuwa wameipima pwani yetu miaka ya 1820. Kilichokosekana ni alama za usiku za kuzilinganisha na ramani hizo.

Hapa Afrika Mashariki minara ya taa iko wapi?

Unaojulikana zaidi na Wakenya uko Ras Serani, Mombasa, kwenye ncha ya kisiwa inayotazama mlango wa kuingilia Kilindini. Wenyeji hupaita Laithausi. Mtu akikwambia "twende Laithausi jioni", anafikiria mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa ikatiwa pilipili na ndimu, anafikiria madafu na upepo. Taa yenyewe wengi hawainulii macho. Bustani ya Mama Ngina inayopakana nayo ilitengenezwa upya, na sherehe za Mashujaa za 2019 zikafanyika hapo.

Zanzibar ina historia ya uchungu. Mbele ya Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, palisimama mnara uliotumika kama taa ya bandari. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Uingereza ziliupiga mizinga ufuo wa mji kwa muda usiofika saa moja, na mnara ule haukupona. Mnara wa saa ambao vizazi vilivyofuata viliuona kwenye uso wa Beit el Ajaib uliunganishwa na jumba baada ya vita hivyo.

Kwenye kisiwa cha Chumbe, kusini-magharibi mwa Unguja, kuna mnara wa mwaka 1904 ambao wageni hupanda mpaka juu. Matumbawe yanayokizunguka kisiwa yamehifadhiwa tangu 1994. Pemba kuna mnara wa Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini-magharibi. Dar es Salaam kuna wa kisiwa cha Makatumbe, nje ya mlango wa bandari.

Nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi mara nyingi hudhaniwa kuwa mnara wa taa. Siyo. Ni alama ya msalaba ya Wareno, haikuwekewa taa ya kuongoza meli.

Taa ndogo inawezaje kuonekana kutoka mbali hivyo?

Hapa ndipo ningeweza kukaa siku nzima, kwa hiyo nivumilie.

Taa ikiwaka peke yake hutawanya mwanga pande zote: juu kwa ndege, chini kwa mawe, nyuma kwa minazi. Unaofika kwa baharia ni kiasi kidogo mno. Zamani waliweka vioo nyuma ya taa ili kuurudisha mwanga mbele, lakini vioo vya wakati ule vilipoteza sehemu kubwa ya mwanga. Lenzi ya kioo, kama ya miwani ya kukuzia, ingefanya kazi nzuri zaidi. Tatizo ni kwamba lenzi ya ukubwa unaotakiwa ingekuwa bonge la kioo zito, nene katikati kiasi cha kuula mwanga wenyewe.

Mfaransa Augustin Fresnel aliona kwamba kinachopinda mwanga ni uso wa lenzi, mahali mwanga unapoingia na kutoka kwenye kioo. Unene wa ndani hauna kazi. Basi akauondoa. Alibakisha uso tu, akaukata pete pete na kuzipanga zikizungukana, kila pete na mwinamo wake, jicho la kioo likiwa katikati. Baadaye, juu na chini, viliongezwa vipande vya pembe tatu vinavyoudaka mwanga unaotoroka na kuurudisha kwenye mstari. Matokeo yake ni kitu kama mzinga wa nyuki wa kioo. Zile kubwa kabisa hupita mita 2.5 kwa kimo. Mtu mzima husimama ndani yake.

Lenzi yake iliwashwa mwaka 1823 kwenye mnara wa Cordouan, Ufaransa, mdomoni mwa mto Gironde. Fresnel alifariki 1827 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 39. Hakuishi kuona lenzi zake zikizunguka kwenye pwani za dunia nzima.

Mmweko nao unatoka hapo hapo. Taa ya ndani haizimi. Lenzi ndiyo inayoizunguka, ikiwa na jicho la kioo kila upande. Kila jicho la kioo linapokuelekea unaona mmweko, likipita unaona giza. Lenzi ya macho manne inayokamilisha mzunguko kwa sekunde 20 itakupa mmweko kila sekunde 5.

Taa ya mnara iliwashwa kwa kitu gani kabla ya umeme?

Kwa kila kilichoweza kuwaka. Kuni, makaa, mishumaa: mnara wa Eddystone uliojengwa na John Smeaton kusini mwa Uingereza mwaka 1759 uliwaka kwa mishumaa 24 tu. Miaka ya 1780 Aimé Argand wa Geneva alitengeneza utambi wa mviringo unaopitisha hewa katikati, pamoja na bomba la kioo juu yake, na hiyo ndiyo babu wa taa ya chemni tuliyosomea sisi wa zamani. Yakaja mafuta ya taa. Mwaka 1901 Arthur Kitson akatengeneza taa ambayo mafuta yake hugeuzwa mvuke kabla ya kuungua na kuwasha kifuko cheupe. Aliyewahi kupiga pampu karabai kwenye harusi au matanga anaijua kazi hiyo.

Halafu ikaja gesi ya asetilini. Mafundi wa kuchomelea wa Gikomba na Kariobangi hawahitaji kufundishwa: mawe ya kabaidi yakikutana na maji hutoa gesi inayowaka kwa mwanga mweupe mkali, na inayolipuka ukiichezea. Msweden Gustaf Dalén aliitafutia njia ya kuihifadhi salama ndani ya mitungi, na akabuni vitu viwili vilivyobadilisha kila kitu. Cha kwanza ni kifaa kinachoikata gesi vipande vipande ili taa imweke badala ya kuwaka mfululizo, na hivyo gesi haiishi haraka. Cha pili, cha 1907, ni vali ya jua. Vyuma vinne vimesimama pamoja, cha katikati kimepakwa rangi nyeusi na vingine vinang'aa. Kukicha, cheusi hunywa joto la mwanga, hurefuka kuliko wenzake, na kuubana mlango wa gesi. Jua likizama hunywea, mlango hufunguka, taa inawaka. Hakuna mtu, hakuna saa, hakuna umeme. Taa ya namna hiyo iliweza kukaa miezi mingi mwambani peke yake.

Mwaka 1912 Dalén alipofuka kwa mlipuko wa gesi akiwa kwenye majaribio. Mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Aliendelea kufanya kazi, kipofu, hadi alipofariki 1937. Watoto huniuliza kila mara kama aliwahi kuiona taa yake baharini. Aliiona, kwa miaka kadhaa kabla ya ajali.

Siku hizi ni paneli ya sola, betri na taa za LED. Boksi dogo la kubebwa mkononi hufanya kazi iliyohitaji lenzi ya tani kadhaa.

Nani aliishi kwenye minara hii?

Walinzi wa taa, mara nyingi watu wawili au watatu waliopokezana zamu. Lenzi ilizungushwa na mtambo kama wa saa, ukivutwa na uzito uliokuwa ukishuka taratibu ndani ya mnara, na uzito ukifika chini lazima mtu aupandishe tena kwa mkono, usiku kucha. Utambi ulikatwa, masizi yalifutwa, mafuta yalipandishwa ngazi kwa ngazi.

Lenzi nzito zilielea juu ya zebaki, na kwa hiyo mzigo wa tani kadhaa ungeweza kusukumwa kwa kidole. Lakini mvuke wa zebaki ni sumu inayoharibu akili na fahamu, nao walifanya kazi juu yake miaka mingi kwenye chumba kidogo kilichofungwa. Ule upweke uliosemwa kuwa uliwatia walinzi wazimu, mimi naamini sehemu yake ilikuwa zebaki.

Kisa kinachowanyamazisha watoto ni cha visiwa vya Flannan, Scotland. Desemba 1900 meli ya kubadilisha zamu ilifika ikakuta mnara hauna mtu. Walinzi watatu hawakuonekana tena. Uingereza ilimwondoa mlinzi wake wa mwisho mwaka 1998, kwenye mnara wa North Foreland.

Kwa nini mnara uwe mrefu? Si taa kali ingetosha?

Dunia ni duara. Taa kali iliyo chini huzama nyuma ya mgongo wa bahari. Kuna hesabu rahisi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa taa kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha kimo cha jicho lako juu ya maji, zidisha kwa 2.08. Jibu ni maili za baharini. Taa ya mita 36 na mvuvi ngalawani ambaye jicho lake liko mita 1 juu ya maji: 6 jumlisha 1, mara 2.08, ni maili 14 na nusu, yaani kilomita 27. Taa ile ile kwa nahodha wa meli aliye mita 25 juu ni kilomita 42. Kwa hiyo mwenye chombo kidogo huiona taa akiwa amechelewa kuliko mwenye meli, na huyo ndiye anayeihitaji zaidi.

Sasa weka taa juu ya KICC, na tuseme Nairobi ni tambarare kama bahari. Mtu aliyelala kifudifudi ardhini angeiona kutoka karibu kilomita 39. Huko ni Thika.

Meli kubwa inaingiaje Kilindini usiku bila kugonga mwamba?

Jina lenyewe linakueleza: kilindi ni maji ya kina kirefu. Lakini kina hicho ni mfereji, na pande zake kuna miamba ya matumbawe ambayo maji yakijaa huwezi kuijua. Wakati wa bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3.

Njia iliyotumika ni ya taa mbili, na taa za Ras Serani zimo katika mpango huo wa kuongoza meli. Taa moja huwekwa mbele, chini. Nyingine nyuma yake, juu zaidi. Mstari unaoziunganisha umechorwa uwe katikati ya njia salama. Nahodha anayekuja kutoka baharini akiziona zimepandana, ya juu sawasawa juu ya ya chini, yuko njiani. Ya chini ikihamia kushoto mwa ya juu, ameponyoka kwenda kulia, basi arudi kushoto. Kanuni ya mabaharia ni fupi: fuata taa ya chini.

Jaribu jioni barabarani. Chagua nguzo moja ya taa iliyo karibu na nyingine iliyo mbali nyuma yake, jisogeze mpaka ya karibu iifunike ya mbali, kisha piga hatua moja pembeni. Utashangaa hatua moja inavyozitenganisha. Hisia hiyo ndiyo iliyoshika usukani wa meli ya makontena. Shati la mtumba ulilonunua Gikomba, mchele wa kwenye kibanda, mafuta ya matatu iliyokuleta, vimepita kwenye mlango huo.

Zaidi ya taa kuna maboya. Afrika yote inafuata utaratibu mmoja: ukiingia bandarini, boya jekundu liwe kushoto kwako na la kijani kulia. Marekani ni kinyume. Na juu ya yote hayo, rubani wa bandari hupanda melini akiwa bado nje.

Rangi nyekundu na kijani zina maana gani kwenye taa moja?

Baadhi ya taa hugawanywa kwa vioo vya rangi kama vipande vya keki. Ukiwa kwenye njia unaona nyeupe. Ukienda upande wa hatari inageuka nyekundu au kijani, kulingana na upande. Taa haikubadilika, ni wewe uliyehama. Viwanja vya ndege hutumia fikra hiyo hiyo: pembeni mwa njia ya kutua kuna taa nne, na rubani wa ndege akiona mbili nyeupe na mbili nyekundu yuko sawa, akiona zote nyekundu yuko chini mno. Nyeupe hufika mbali zaidi, kwa kuwa kioo cha rangi hula sehemu ya mwanga.

Siku hizi kuna GPS. Minara ya nini tena?

Swali hili huulizwa na wazazi. Setilaiti za GPS ziko karibu kilomita 20,200 juu yetu, na ishara yake ikifika chini ni hafifu mno; mtu mwenye kifaa anaweza kuifunika au kuighushi. Meli nyingi katika Bahari ya Shamu zimeripoti hivyo miaka ya karibuni. Mei 2025 meli ya makontena MSC Antonia ilikwama karibu na Jeddah, na wachambuzi wa safari za meli wakashuku kuvurugwa kwa GPS. Jeddah ndiko kuliko na mnara wa taa mrefu kuliko yote duniani, unaokadiriwa kuwa mita 133.

Baharia mzuri hatumii chombo kimoja. Skrini inamwambia yuko hapa, naye anatoka nje kuitazama taa: je, taa nayo inasema hivyo? Vikitofautiana, anapunguza mwendo. Isitoshe kuna wavuvi wa Mtongwe, Gazi na Vanga wasio na skrini yoyote. Kwao taa ikizimika hakuna kingine cha kukitazama.

Kenya nani anazitunza?

Mamlaka ya Bandari Kenya, KPA, iliyoundwa 1978 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika. Mamlaka ya usafiri wa baharini, KMA, husimamia usalama wa vyombo. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unazitaka nchi ziweke alama za kuongozea meli na kuwatangazia mabaharia zinapobadilika au kuharibika.

Kuna king'ora cha ukungu kama kwenye sinema?

Pwani yetu haina ukungu wa Limuru. King'ora ni cha bahari za baridi. Kinachotufunikia taa sisi ni mvua ya masika.

Mchana mnara una kazi?

Ndiyo. Rangi na umbo lake ni alama. Ndiyo maana mmoja ni mweupe tupu na mwingine una mistari myekundu. Na mchana lenzi za zamani zilifunikwa kwa pazia, kwa sababu jua likipita humo kinyumenyume, miale yake hukusanyika na kuweza kuwasha moto ndani ya chumba cha taa.

Naweza kuona lenzi ya namna hiyo hapa Nairobi?

Inama nyuma ya matatu yoyote uitazame taa yake ya breki. Plastiki ile yenye mistari au vigereza ni mjukuu wa kazi ya Fresnel. Vile vibao vyembamba vya plastiki vya kukuzia maandishi, vyenye pete unazozihisi kwa ukucha, ni lenzi yake hasa. Nunua kimoja, washa mshumaa gizani, kisogeze mbele na nyuma mpaka mwanga ukutani uwe mduara mmoja mkali.

Nikienda Mombasa, nifanye nini?

Fika Laithausi kabla ya magharibi. Nunua mihogo yako, kaa upande unaotazama bahari, na meli ikipita mbele yako itazame inavyonyooka kwenye mstari wake. Giza likiingia, usiangalie simu kwa dakika kumi ili macho yazoee. Kisha chagua taa moja, ardhini au kwenye boya, na uhesabu tangu mwanzo wa mmweko au fungu lake hadi mwanzo wa linalofuata. Andika namba. Hesabu tena mara tatu. Ukirudi Nairobi niletee namba hiyo, nina ramani ya mlango wa Kilindini ukutani kwangu. Tutaitafuta pamoja ni taa ipi uliyoiona.